Waya Ndani ya Jagi la Wageni

Watu wengi hawajui kuosha jagi la kahawa, na wasiojua kabisa ndio wenye maneno mengi. Nalisema hili mapema ili msije mkaniona mkali baadaye mkashangaa.

Mimi ni mtu wa jikoni katika ofisi ya ghorofa ya nne. Kampuni yetu inakagua lifti za majengo ya watu na kubandika karatasi yenye muhuri kwamba lifti ni salama. Lifti ya jengo letu wenyewe imekufa tangu mwaka juzi. Kwa hiyo kila asubuhi napanda ngazi sabini na mbili na mkoba wangu begani, nafika juu pumzi zimenikata, na kazi ya kwanza ni kahawa. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne. Ofisini wananiita Bi Soda, kwa sababu kila doa mimi nalitibu kwa soda, ile ya unga ya kuokea mikate, si ya kunywa. Walianza kuniita hivyo kwa kunitania, nikalizoea, sasa nikisikia jina langu halisi nageuka kuangalia anaitwa nani.

Jagi lenyewe ni la stili nje na ndani, lina tumbo pana na shingo nyembamba, na linatunza joto kutwa. Shingo ile inapitisha vidole tu. Asiyejua husugua pale vidole vinapofika, akaacha huko chini na mambo yake. Mimi saa tisa na nusu alasiri namwaga kahawa iliyobaki, natia vijiko viwili vya soda, namimina maji yanayochemka mpaka karibu na shingo, kifuniko naacha wazi, nangoja robo saa. Kifuniko ukikifunga, soda itakurukia usoni, na hapo usimlaumu mtu. Baada ya robo saa maji yamekuwa ya kahawia. Unamwaga, unasuuza mara tatu, unalisimamisha kichwa chini likauke. Mkono hauingii, na waya wa kusugulia sufuria ndiyo kabisa. Waya unakwaruza stili, mkwaruzo unashika kahawa, na kahawa ikishajificha mle haitoki kirahisi. Jikoni kwangu waya haujaingia kwa miaka kumi na moja.

Sasa nije kwa Meneja.

Meneja wa utawala aliletwa mwaka jana. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, ana viatu vya kugonga sakafu na kalamu ya wino ambayo haiazimwi. Umri wake naujua barabara, maana nilikuwa na miaka kumi nilipokuwa nambeba mgongoni. Ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, na watoto tuliosalimika ni wawili tu. Yeye ndiye kitinda mimba, na nyumbani tulimwita hivyo hivyo, Kitinda. Ofisini hakuna aliyejua. Tunatumia majina ya waume, na sura yeye alichukua ya baba, mimi nikabaki na ya mama. Siku yake ya kwanza alinikuta kwenye korido nimebeba sinia la vikombe. Alinisogelea, akashusha sauti.

"Hapa kazini mimi sikujui, na wewe hunijui."

"Hata nje ya kazi sikujui," nikamjibu, nikapita na sinia langu.

Nilikuwa na haki ya kujibu hivyo. Mama yetu aliugua miaka miwili, na miaka yote miwili nilimgeuza mimi kitandani, nikamwosha mimi, nikamlisha mimi kwa kijiko. Kitinda alikuwa akipiga simu. Mama alipofariki, alikuja siku ya tatu, miwani ya jua usoni ndani ya nyumba, akakaa katikati ya wanawake waliokuja kutuhani, akaniuliza mbele yao wote: "Kwani dada, hospitali mlimpeleka lini?" Wale wanawake wakaangalia chini. Mimi sikuangalia chini. Nilisimama nikamwambia: "Mlango wangu usiuguse tena, hata ukinyeshewa." Hiyo ni miaka sita sasa, na neno langu sikulirudisha.

Hata aliponifuata, sikulirudisha. Jumapili moja ya mwezi wa pili mwaka huu, mchana, mtu alibisha hodi kwangu. Nikachungulia pembeni mwa pazia, nikaona vile viatu vya kugonga sakafu. Nikarudi kukaa. Akabisha mara ya pili. Akabisha ya tatu, akangoja kidogo, akaondoka. Nikajisemea huyu amekuja na maneno yake, na maneno yake nayapata bure ofisini Jumatatu hadi Ijumaa. Nikamalizia kukunja nguo zangu.

Haikupita wiki mbili jagi likaanza vituko.

Naliacha jioni linang'aa, nalikuta asubuhi limeinamishwa vizuri palepale nilipoliacha, lakini ndani kuna duara la kahawia, chini kidogo ya nusu. Duara la kahawa iliyolala. Doa la kahawa ya mchana ni jepesi, maji ya moto na soda vinalimaliza. Kahawa ikilala usiku kucha inaacha duara jeusi lenye ukingo, na harufu ya kitu kilichoungua. Nililisafisha, nikaendelea na kazi. Kesho yake duara lipo. Nikadhani nazeeka, labda nasahau. Nikaanza kujisemesha kwa sauti wakati wa kuosha: nimetia soda, nimemimina maji, nimengoja, nimemwaga. Mpokea simu akachungulia jikoni akauliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na mwenye akili.

Asubuhi nyingine nilichelewa kwa sababu ya mvua, wageni wakawahi, kahawa ikamiminwa na mtu mwingine bila jagi kuangaliwa. Mgeni mmoja akalalamika kuna vigamba vyeusi kwenye kikombe. Siku hiyohiyo nikapata barua ya kwanza. Iliandikwa kwa wino wa bluu, na mwandiko ule niliufundisha mimi, kwenye meza ya jikoni kwetu, nikimshika mkono. "Uzembe katika kutunza vyombo vya wageni." Nikasaini.

Barua ya pili ilikuja mwezi uliofuata. Meneja aliingia jikoni kwangu saa moja na nusu asubuhi kabla sijavua koti, akamulika ndani ya jagi kwa tochi ya simu, akapiga picha.

"Hili ndilo jagi safi, Bi Soda?"

"Jana niliacha safi."

"Jana haiwanyweshi wageni."

"Na wewe umeanza lini kujua usafi wa vyombo?" nikamuuliza. "Maana kuna watu walikuwa wanakimbilia chooni kila sufuria zikitajwa."

Uso wake ulibadilika, kwa sababu hilo ni jambo la kwetu nyumbani na alinikataza kulileta pale. Barua ya pili ikaongezewa mstari: "lugha isiyo ya heshima." Kwa kanuni za kampuni, ya tatu inakwenda na kikao, na kikao kinakwenda na mlango. Nina miaka hamsini kasoro miwili. Sina mume tena, sina mtoto wa kunilisha, na hakuna ofisi inayoajiri mtu wa jikoni wa umri huo kwa ngazi sabini na mbili. Nilikuwa na kazi ile na chumba changu na sebule, basi.

Ya tatu aliileta mgeni mwenye jino bovu. Jumanne, katikati ya mkutano, aliachia kikombe akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipande cha waya kirefu kama kope. Waya wa kusugulia sufuria. Aliuweka juu ya kisahani, na wakaguzi wote wa lifti wakauinamia kuuangalia. Kikao changu kikapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Sasa hapo ndipo waliponikosea. Duara ningeweza kusema nimesahau, lakini waya? Nilirudi jikoni, nikafunga mlango, nikamulika ndani ya jagi kwa simu yangu mwenyewe, nikageuza polepole. Shingoni na chini yake kidogo, pale vidole vinapofika, palikuwa na mikwaruzo. Miduara mitatu midogo, juu yake mstari mmoja umepanda. Pembeni tena miduara mitatu, mstari mmoja. Imezunguka shingo yote kwa mpangilio huo, na hakuna sehemu iliyorukwa.

Nilikaa kwenye kile kistuli changu. Mama yetu alisugua sufuria hivyo. Alituweka uani sisi wawili, kila mmoja na sufuria lake na waya wake na jivu, akasimama nyuma yetu akihesabu: zungusha tatu, pandisha moja. Ukizungusha nne unarudia mwanzo. Sijawahi kumwona binadamu mwingine anayesugua vile, na nimefanya kazi na watu wengi wa jikoni. Mama yuko kaburini. Mimi waya niliacha. Akabaki mmoja.

Nilifurahi, siwafichi.

Jumatano jioni niliweka jagi mshikio wake ukielekea ukutani, ili nijue likiguswa. Alhamisi nikafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, kuna giza bado. Mlinzi wa chini alinifungulia bila kuniangalia usoni, nikajua anajua. Nikapanda ngazi zangu nikiwa nimevua viatu. Jikoni, jagi lilikuwa halipo. Nikapita korido hadi chumba cha mafaili, mlango umeegeshwa, nikachungulia. Kitinda alikuwa amelala chini kati ya makabati mawili, amejifunika koti, viatu vile vya kugonga sakafu amevikunjia kitambaa akafanya mto. Pembeni yake jagi la wageni na kikombe kimoja. Mswaki kwenye glasi. Nyuma ya kabati, begi kubwa la kijani la zipu, lile tulilorithi kwa mama. Alikuwa anakoroma kidogo, kama alivyokoroma tangu utoto.

Sikumwamsha. Nilirudi ngazi zile zote hadi chini, nikakaa nje kwenye ukingo wa saruji mpaka kulipokucha. Mtu mwema angewaza, maskini mdogo wangu, mume kamfanya nini. Mimi niliwaza Ijumaa saa nne. Niliwaza nitakavyosimama, nitakavyosema, uso wake utakavyokuwa. Nilipanga hadi maneno.

Ijumaa nikaenda kwenye kikao na birika la maji yanayochemka, soda yangu, na jagi.

Mkurugenzi wetu ni mzee aliyekagua nyaya za lifti miaka thelathini kabla ya kukalia kiti, na wanamwita Mzee Kamba. Anatembea na kioo cha kukuzia mfukoni mwa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alikaa kichwani mwa meza. Meneja alikaa kulia kwake, faili mbele yake, kalamu ya wino wazi. Nguo yake ilikuwa na mkunjo mgongoni, na ni mimi tu niliyejua mkunjo wa nini.

Akasoma mashtaka. Uzembe, mara mbili. Lugha. Na sasa waya katika kinywaji cha mgeni, jambo ambalo lingeweza kumdhuru. Alisoma vizuri, bila kukwama.

"Bi Soda, una la kusema?" Mkurugenzi akauliza.

"Nina la kuonyesha."

Nikatia vijiko viwili vya soda, nikamimina maji. Povu likapanda likashuka. Nikawaambia ni robo saa. Mkurugenzi aliangalia saa yake, akaegemea kiti. Ni mtu anayeheshimu vipimo. Tulingoja robo saa nzima sisi watatu. Nje mtu alikuwa anavuta kiti sakafuni. Kitinda alikuwa anaangalia jagi, na mimi nilikuwa namwangalia yeye, na nilihakikisha analijua hilo.

Nikamwaga maji kwenye beseni. Yalikuwa ya kahawia iliyokolea.

"Hili doa ni la usiku mmoja," nikasema. "Mimi jioni naosha. Kuna mtu anatia kahawa baada yangu, anaiacha ilale, halafu asubuhi anasugua haraka haraka kwa waya. Angalia shingoni, Mkurugenzi. Hiyo mikwaruzo si yangu. Mimi waya situmii."

Mzee akatoa kioo chake. Alilizungusha jagi dirishani muda mrefu, akiguna. Nilimwona anafurahi, maana huyo mzee hana burudani nyingine.

"Miduara mitatu, mstari mmoja," akasema. "Mitatu, mmoja. Huyu mtu amefundishwa. Hasugui ovyo." Akaniangalia juu ya miwani. "Kila mkono una tabia yake. Mimi nilikuwa naangalia waya wa lifti nakwambia ni fundi gani aliufunga. Nenda jikoni kwa walinzi chini, uniletee kifuniko cha sufuria kikuukuu na waya. Utasugua hapa tuone."

Nilipopanga maneno yangu, hilo sikulipanga. Lakini nikajituliza. Miaka kumi na moja sijashika waya. Nitasugua moja kwa moja, mbele nyuma, kama mtu yeyote. Nilikusudia kudanganya, na sioni aibu kulisema, kwa sababu udanganyifu ule ungethibitisha ukweli.

Nikashuka, nikakileta kifuniko. Nikashika waya. Nikasugua mbele, nikarudisha nyuma, mbele, nyuma, vizuri kabisa.

"Endelea," akasema Mzee Kamba. "Pale penye masizi. Patakate."

Palikuwa pagumu. Nikakaza. Na mkono ulipokaza, ukaenda zake. Nilisikia sauti kabla ya kuona: kru, kru, kru, kraa. Tatu, moja. Nilipoinua waya, pale kwenye kifuniko palikuwa na miduara mitatu na mstari umepanda juu yake, safi, kama Mama amesimama nyuma yangu.

Mkurugenzi aliweka kioo juu ya kifuniko, kisha juu ya shingo ya jagi, kisha juu ya kifuniko tena. Alionekana kusikitika kidogo. Nadhani alikuwa ananipenda, kwa kiasi mtu anavyoweza kumpenda anayempa kahawa.

"Mkono umesema, Bi Soda," akasema. "Andika, Meneja."

Kitinda akainamisha kichwa, akagusisha kalamu kwenye karatasi. Sikuamini. Anajua waya ni wake. Anajua nimeutambua mkono uliosugua, maana ule ni mkono wake pia. Na anaandika. Nikaona tarehe inaandikwa, nikaona herufi ya kwanza ya jina langu, ile herufi yenye kona niliyomfundisha aikate hivyo.

"Kabla hujafika mwisho wa mstari," nikasema, "mwambie Mkurugenzi jana ulilala wapi."

Kalamu ikasimama.

"Nini?" akauliza mzee.

"Mwambie. Au nimpeleke chumba cha mafaili akaangalie nyuma ya kabati la pili."

Nilikuwa nimesubiri uso ule tangu alfajiri ya Alhamisi, na kwa kweli miaka sita. Nikauangalia. Haukuwa nilivyoupanga. Hakukasirika wala hakukana. Aliifunga kalamu, akaiweka kando ya karatasi, akaniangalia, na kwa mara ya kwanza katika jengo lile hakuniita Bi Soda.

"Dada," akasema. "Mimi nilikuja kwako kwanza."

Nikavuta jagi upande wangu.

"Jumapili ile mume wangu alipobadilisha kitasa cha nyumba. Nilibisha mara tatu. Pazia lilitikisika, nikajua upo. Nilikuwa na begi la mama."

Mkurugenzi alikuwa anatuangalia kwa zamu, mdomo wazi kidogo.

Na hapa niwaambie jambo ambalo huko juu sikuwaambia. Niliwaambia niliona viatu. Begi pia nililiona. Begi la kijani la zipu, amelishika kwa mikono miwili mbele ya magoti, zipu haikufunga vizuri, mkono wa sweta umetokeza. Mtu hachukui begi la namna hiyo kuja kugombana. Nilijua anataka nini. Nikarudi kukaa, nikakunja nguo, na shuka moja nililikunja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza halikukaa sawa.

"Waya ulipotoka kwenye jino la mgeni nilijua ni wangu," akaendelea. Alikuwa anaongea nami, alikuwa amemsahau mzee. "Kabla ya hapo nilidhani uchafu ni wako. Nilikuwa nakusugulia, tena nikikutukana. Halafu nikajua, na barua nikaiandika vilevile. Nilikuwa na hasira na wewe, Dada. Bado ninayo."

"Na mimi ninayo," nikasema.

"Najua."

Akavua saa mkononi. Akanyoosha mkono akauchukua waya pale mezani, akavuta kifuniko upande wake, na palipobaki na masizi akasugua. Hakuharakisha. Kru, kru, kru, kraa. Akakigeuza kuelekea kwa mkurugenzi. Kando ya alama zangu zilikuwepo zake, na hata mimi nisingeweza kusema zipi ni zipi.

"Mama yetu ni mmoja," akamwambia. "Waya ni wangu. Usiku nalala hapa tangu mwezi wa pili. Huyu hana kosa."

Mzee Kamba alikagua kifuniko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akasafisha kioo kwa shati, akakirudisha mfukoni. Akasema barua zote tatu zichanwe. Akasema iandikwe nyingine, ya kwanza, kwa jina la Meneja, kwa kutumia vyombo na chumba cha ofisi bila ruhusa, na kwamba leo jioni begi litoke. Barua ikaandikwa na Kitinda mwenyewe, maana ndiye anayeandika barua. Akajisainia pande zote mbili.

Nilirudi jikoni nikamaliza siku yangu. Kazi yangu nilikuwa nayo, na kila nilipojaribu kuifurahia nilikumbuka lile shuka. Saa tisa na nusu nikaosha jagi. Ile mikwaruzo ya shingoni haitoki, itakaa mpaka jagi litakapotupwa, na kila asubuhi itashika kahawa na mimi nitaitoa kwa soda. Nikalisimamisha kichwa chini.

Saa kumi nilitoka. Nilimsikia nyuma yangu kwenye ngazi, begi linagonga ukingo kila hatua. Sikumwambia anifuate, wala sikumkataza. Sikupunguza mwendo. Kwangu ni mwendo wa robo saa, na robo saa yote viatu vile viligonga nyuma yangu hatua kumi. Nilipofika nikafungua, nikaingia, nikafunga mlango kama ninavyoufunga kila siku. Nikaweka mkoba mezani. Nikakaa.

Akabisha hodi.

Pazia lilikuwa karibu na bega langu. Sikuligusa. Nilikaa nikisikiliza pumzi zake nje, nikawaza maneno ya mazishini, nikawaza miaka miwili ya kijiko, na nikasubiri hasira inisaidie kama ilivyonisaidia siku zote.

Akabisha mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Ya tatu sikuingoja. Niliinuka, nikafungua.

"Viatu vua huko huko nje," nikamwambia. "Na kwangu waya hauingii."

Akainama kuvivua.